Presha na Mapenzi: Nilichomficha Mke Wangu Miezi Saba

Mwezi huu sikuletei kesi ya mtu mwingine. Kwenye ukurasa huu nimezoea kuamua ya wenzangu: fulani kakuta meseji, fulani kachoshwa na mawifi, fulani anauliza apige simu kwanza au asubiri apigiwe. Leo mshtakiwa ni mimi. Mlalamikaji amesoma kila mstari kabla haujaenda mtamboni, kafuta miwili, iliyobaki kaniachia.

Ilianza na mkopo. Tulitaka kumalizia nyumba yetu, ile iliyosimama kwenye lenta kwa miaka mitatu, na benki ikataka nikapimwe afya kwanza kwa ajili ya bima ya mkopo. Nikaenda kliniki moja mjini saa ya chakula cha mchana, tai shingoni, simu mkononi, nikijua ni suala la dakika kumi. Nesi akanifunga ule mkanda mkononi, akabonyeza, akatazama, akanyamaza. Akafungua, akafunga tena.

"Kaka, umepanda ngazi?"

"Nimekuja na lifti."

"Basi kaa kidogo, upumzike."

Nikakaa robo saa. Mara ya kwanza ilikuwa 158 kwa 102, mara ya pili 154 kwa 100. Nina miaka 36, nacheza mpira Jumapili, sivuti sigara, kichwa hakiumi, moyo hauendi mbio. Nikamwambia mashine yake mbovu. Akacheka: "Wote mnasema hivyo." Daktari hakunipa dawa siku ile. Alinitaka nirudi siku nyingine mbili, maana kuna watu presha inawapanda wakiona tu koti jeupe. Nikarudi. Ikawa ile ile. Nikaandikiwa vidonge, kimoja kila asubuhi.

Jioni mke wangu akauliza, "Vipimo vimesemaje?"

Nikajibu, "Niko fiti."

Bima ya mkopo ikapanda kidogo kwa sababu ya ile karatasi. Hiyo nayo nikamwambia ni makato ya benki. Ndivyo uongo ulivyo, mmoja haukai mwenyewe.

Kwa nini nilidanganya? Marehemu baba alipata kiharusi akiwa na miaka 54. Upande wa kushoto ukapooza, na mama akamlisha kwa kijiko kwa miaka minne. Mke wangu aliikuta hali hiyo alipokuja kutambulishwa nyumbani, tukiwa bado wachumba. Nilimwona siku ile anavyomtazama mama. Basi nilipoambiwa na mimi nina presha, nilichokiona ni kile kijiko, na aliyekishika hakuwa mama tena.

Vidonge nikaviweka ndani ya boksi la viatu vyangu vya harusi, juu ya kabati. Asubuhi nasubiri aingie kuoga, napanda kitanda, nameza kimoja, narudisha. Mtu mzima mwenye digrii.

Wiki ya sita hivi, tukiwa baa tunaangalia mpira, mshikaji mmoja akaanza kusimulia habari za shemeji yake anayetumia dawa za presha. "Zile dawa bwana zinaua kazi," akasema, na meza nzima ikacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Lakini ile sentensi niliibeba hadi nyumbani, nikapanda nayo kitandani, na usiku ule kazi ikafa kweli. Na usiku uliofuata. Jumatatu nikaacha vidonge. Mambo hayakurudi. Nikaanza kuchelewa ofisini, kulala sebuleni na televisheni, kugeukia ukutani. Wasomaji wangu wa kike mnajua mwanamke anawaza nini mume akianza kugeukia ukutani.

Mke wangu aliwaza hicho hicho. Akapekua mifuko, akapekua simu, na siku ya siku akapanda kwenye kabati. Alitegemea risiti ya hoteli. Akakuta vidonge, karatasi ya kliniki yenye tarehe, na mahesabu akayafanya mwenyewe: miezi saba.

Nilipoingia alikuwa amekaa kitandani, boksi liko mapajani. Hakupiga kelele. "Kwa hiyo mheshimiwa mhariri," akasema, "mimi nimelia wiki tatu bafuni kwa ajili ya vidonge?" Nikaanza kujieleza, akaninyooshea kiganja. "Mimi nimeolewa na mtu, sikuolewa na afya yake. Ila sikukubali kuolewa na mwongo. Kesho tunakwenda kwa daktari wote wawili, na huko ndiko utakapoongea."

Tukaenda. Dokta ni mama wa makamo, mpole, lakini hana habari na aibu za wanaume. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akachukua karatasi, akachora moyo, bomba, figo mbili na kitu kingine ambacho mke wangu alikitazama akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Yale aliyotueleza ndiyo yamenifanya niandike, kwa sababu nimegundua sisi tunasema "presha" kila siku na hatujui inakaa wapi.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia unasukuma kama mililita 70 za damu kwa kila pigo, mapigo kama 70 kwa dakika. Hesabu inakuja lita tano kwa dakika, yaani dumu dogo la mafuta ya kupikia kila dakika, usiku na mchana, zaidi ya lita 7,000 kwa siku. Presha ni nguvu ambayo damu hiyo inazisukumia kuta za mishipa. Namba ya juu ni pale moyo unapobana, ya chini ni pale unapolegea kabla ya pigo linalofuata. Nguvu hiyo inategemea mambo mawili tu: damu inayotoka kwenye moyo ni nyingi kiasi gani, na njia inayopita ni nyembamba kiasi gani. Na hapo kwenye wembamba ndipo penye mchezo. Bomba likipungua upana kwa nusu, ugumu wa kupitisha damu hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara 16. Ndiyo maana mwili ukitaka kupandisha au kushusha presha haraka unacheza na vimishipa vidogo vidogo, ambavyo vina misuli ya kubana na kulegea.

Sasa nani anaamuru vibane au vilegee? Kuna walinzi. Wako shingoni, chini kidogo ya taya, pale mshipa mkubwa unapogawanyika kwenda usoni na kichwani, na wengine wako kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni. Kazi yao ni kuhisi ukuta wa mshipa umevutika kiasi gani. Ukivutika sana wanapeleka taarifa kwenye shina la ubongo, na ubongo unaamuru moyo upunguze mwendo na vimishipa vilegee. Ukilegea, amri inageuka. Yote haya ndani ya sekunde chache.

Unaona kazi yao kila unapotoka kitandani. Ukisimama, damu kama nusu lita au zaidi inateremka miguuni, na bila walinzi hao ungeanguka kila asubuhi. Kile kizunguzungu kidogo cha kusimama ghafla ni wao wamechelewa. Na hapa nitoke nje ya mada kidogo: umewahi kuona bwana harusi anaanguka mbele ya mchungaji? Watu husema kaogopa ndoa. Maskini, mara nyingi alisimama muda mrefu, suti nzito, joto, hajala, magoti ameyakaza. Misuli ya ndama za miguu ndiyo inayoikamua damu ipande kurudi moyoni, na ukikaza magoti bila kutikisika, damu inakaa huko chini. Ubongo unapungukiwa, mtu anakwenda chini, na akilala chini damu inarudi kichwani, anaamka. Asiinuliwe haraka. Mwacheni alale, mnyanyueni miguu.

Nikamuuliza dokta: kama nina walinzi makini hivyo, mbona walikaa kimya presha yangu ikifika 158? Jibu lake sitalisahau. Alisema walinzi hawa ni wazuri kwa ghafla, si kwa mazoea. Presha ikipanda na kubaki juu, ndani ya siku chache wanaikubali kama ndiyo kawaida mpya. Hawapigi tena kelele, bali wanailinda iendelee kuwa pale pale. Ndiyo maana huumwi. Mke wangu hakusema kitu, ila alinitazama.

Presha ya kudumu ina wenyewe, na hasa ni figo. Figo zako mbili zinachuja takriban lita 180 za maji kwa siku. Piga picha ndoo tisa za lita 20 zimepangwa uani. Karibu yote zinayarudisha mwilini, unakojoa lita moja na nusu hivi. Kwa hiyo zikikosea kidogo tu, zikabakiza chumvi kidogo zaidi, maji yanaifuata chumvi hiyo, damu inaongezeka wingi, presha inapanda. Figo zikihisi damu inayozifikia ni haba, zinamwaga kitu kinachoitwa renini. Hiyo inaanzisha mlolongo unaoishia kwenye homoni mbili: angiotensini, inayobana mishipa, na aldosteroni, inayoziambia figo zishike chumvi. Zamani za babu zetu, mtu akiumwa kuhara au akijeruhiwa akavuja damu, mlolongo huo ulimwokoa. Sisi tunaokula chipsi mayai saa nne usiku, tukaongeza chumvi kabla hata ya kuonja, tunauchokoza bure. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, na hiyo haijai vizuri kijiko cha chai, ukihesabu na iliyojificha kwenye mkate, soseji na vile vikete vya mchuzi.

Watu watasema, presha si mawazo tu? Mtaani mtu akifiwa, akiachwa au akidaiwa, "presha imempanda". Ni kweli kwamba hofu na hasira zinamwaga adrenalini, moyo unakimbia, mishipa inabana, namba zinaruka. Foleni pekee inatosha. Lakini zinashuka ukitulia. Inayokaa ina urithi ndani yake, ina uzito, chumvi, pombe, kukaa kwenye kiti mchana kutwa, na umri. Sipendi ule usemi wa "punguza mawazo" peke yake, kwa sababu umewafanya wengi waende kwenye maombezi na mapumziko huku mashine ya kupimia wakiipita pale duka la dawa.

Sasa tuje kwenye mchoro uliomchekesha mke wangu. Dokta alisema kilichonisumbua chumbani ni mzunguko wa damu ule ule. Mwanaume akisisimka, mishipa ya fahamu na kuta za ndani za mishipa ya damu zinatoa gesi kidogo sana, oksidi ya nitriki. Hiyo inailegeza misuli ya mishipa, damu inaingia kwa wingi kwenye nyama zilizo kama sponji, na zikishajaa zinabana njia za kutokea damu ibaki humo. Basi. Wamarekani watatu waliogundua kazi ya gesi hiyo mwilini, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Mwaka huo huo Marekani iliidhinisha kidonge cha bluu cha Viagra, ambacho watafiti wa Pfizer huko Uingereza walikuwa wakikijaribu kwa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, wanaume waliojitolea wakaripoti jambo lingine kabisa.

Presha ya juu ya muda mrefu inaziumiza kuta zile za ndani. Zinakuwa ngumu, gesi inatoka kidogo. Na mishipa ya huko chini ni myembamba kuliko ile inayolisha moyo wenyewe, kwa hiyo mara nyingi shida inaanzia huko miaka kadhaa kabla ya kifua kuanza kuuma. "Kwa hiyo baba," dokta akasema, "wewe unaogopa dawa zitaua kazi. Presha yenyewe ndiyo inayoiua, polepole, na baada ya hapo inakuja kwenye moyo na ubongo."

Je, yule mshikaji wa baa alidanganya? Si kabisa. Baadhi ya dawa, hasa zile za aina ya beta na baadhi ya zile za kukojoza maji, zinalalamikiwa. Nyingine nyingi hazina shida hiyo. Lakini sikiliza hii. Mwaka 2003 watafiti wa Italia walichapisha utafiti wa wanaume 96 wenye maradhi ya moyo, ambao hawakuwa na tatizo lolote chumbani. Wote walipewa dawa ile ile, atenololi. Kundi la kwanza halikuambiwa jina la dawa, la pili liliambiwa jina tu, la tatu liliambiwa jina pamoja na kwamba inaweza kupunguza nguvu za kiume. Kila kundi lilikuwa na watu 32. Baada ya siku 90, waliopata shida walikuwa mmoja katika kundi la kwanza, watano katika la pili, na 10 katika la tatu. Dawa ni moja! Mimi nilikuwa kundi la tatu, na mtafiti wangu alikuwa na chupa mkononi.

Jambo moja nililokatazwa, na ninawakataza: kununua vidonge vya bluu kichochoroni kuficha tatizo. Ukivichanganya na dawa za nitreti wanazopewa wenye maumivu ya kifua, mishipa inafunguka kupita kiasi, presha inaporomoka, na mtu anaweza kufa. Muulize daktari. Aibu ya dakika mbili.

Dokta alinibadilishia dawa. Aliyonipa inazuia ule mlolongo wa figo, na ukoo wake una historia ya ajabu: wa kwanza wao, kaptoprili, ulitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazil ambaye akikuuma presha inashuka unaanguka. Marekani iliuidhinisha mwaka 1981. Kabla ya dawa za kuaminika, hata ukubwa haukusaidia. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alipimwa Machi 1944 akakutwa na 186 kwa 108, na madaktari wa dunia yote hawakuwa na cha maana cha kumpa zaidi ya kupumzika, kupunguza chumvi na sigara. Tarehe 12 Aprili 1945 damu ilivuja ndani ya ubongo wake. Walipompima ilikuwa 300 kwa 190. Alikufa siku ile. Tajiri kuliko sisi wote, na kidonge ninachokimeza mimi na chai hakikuwepo.

Nyumbani tumenunua mashine yetu. Jumapili kabla ya mpira tunapimana. Kuna utaratibu wake, na mke wangu anausimamia kama mwalimu wa nidhamu: umekwenda haja ndogo, hujanywa kahawa nusu saa iliyopita, umekaa dakika tano umeegemea, miguu iko chini haijapishana, mkono umelala mezani usawa wa moyo, mdomo umefungwa. Huo wa mwisho ndio mgumu, kwa sababu kuongea kunapandisha namba. Mkanda uwe na ukubwa wa mkono wako, ukibana sana unakupa presha ambayo huna. Tunapima mara mbili, anaandika kwenye daftari.

Yake siku ya kwanza ilikuwa 112 kwa 70, akaringa wiki nzima. Ila dokta alimwambia asijisahau. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni vinaweza kuipandisha, na mimba nayo ina yake: ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20, hasa ikiambatana na kichwa kuuma, macho kuona giza au maumivu chini ya mbavu, ni mbio hospitali usiku huo huo, maana kifafa cha mimba hakina subira. Wanaume mnaosindikiza wake zenu kliniki mkabaki kwenye gari, ingieni ndani muisikie namba.

Kuhusu chumbani mtaniuliza, najua. Kulirudi kulivyokuwa, ingawa haikuwa siku moja. Iliwahi kwanza kurudi kuongea gizani. Usiku mmoja akaniuliza niliogopa nini hasa, nikamwambia habari za kijiko cha mama. Akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani amelala. Kisha akasema, "Siku ile nilimwangalia mama yako nikawaza, hivi huyu mtu mimi ningempenda hivi? Nikaona ningeweza. Ndiyo maana nilikubali." Na mimi miaka yote nilisoma ule uso kinyume.

Jumapili iliyopita nilikuwa 132 kwa 84. Vidonge viko bafuni, kwenye kikombe cha miswaki. Boksi limerudi kuwa la viatu, na Jumamosi hii linafunguliwa kwa sababu nasimamia harusi ya mdogo wangu. Nimeshamwambia asubuhi ale, anywe maji, na mbele ya mchungaji asikaze magoti.